Dirisha la kave na maji ya mlima: namna ya kukausha nyumba hapa Bukavu

Hapa Bukavu, parseli ya tambarare ni bahati. Wengi wetu tunajenga kwa kukata mlima: fundi anachimba upande wa juu, udongo anausukuma upande wa chini, na pale katikati ndipo nyumba inakaa. Ndiyo maana ukizunguka nyumba nyingi za hapa utakuta mbele kuna ngazi za kupanda, lakini nyuma ukuta umezama ndani ya udongo hadi kiunoni, wakati mwingine hadi karibu na manjanja. Katika nyumba za zamani za Nguba na Muhumba, zile za wakati mji ungali unaitwa Costermansville, kuna kave zenye vidirisha vidogo vilivyo chini ya usawa wa uwanja. Kule Kadutu, Panzi ao Bagira hatusemi kave, tunasema chumba cha nyuma, na mara nyingi ndicho chumba wanacholala watoto. Maji hayajui tofauti hiyo. Ukuta uliozikwa ni ukuta uliozikwa.

Dalili kila mtu anazijua. Rangi inajikunja na kuanguka. Unga mweupe kama chumvi unatoka kwenye matofali. Nguo za kabati zinanuka uvundo, kifua cha mtoto hakiponi, na siku ya mvua kubwa maji yanaingia kwa dirisha la chini kama mtu amefungua robine. Nyumba za mbao nazo zina shida yao: mbao ya chini kabisa inaoza polepole, na mwenye nyumba anagundua siku msumari unapotoka kwa vidole.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni lile lile: kupiga simenti upande wa ndani, na kuchanganya humo dawa ya kuzuia maji. Kwa miezi kadhaa chumba kinapendeza. Halafu msimu wa pili simenti inavimba, inatoa sauti ya utupu ukiigonga, na inaanguka vipande vipande. Si lazima fundi awe mwizi. Ni juu ya maji yanasukuma kutoka nyuma, na ile simenti ya ndani imeshikamana na ukuta upande usiofaa. Ni kama kuziba tundu la mtumbwi kwa kubandika karatasi upande wa mbele ya magoti yako. Maji yanaibandua tu.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu watu hawaamini nguvu ya maji. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita mraba 1 inatoa litre 1 ya maji. Chukua nyumba ya kawaida, mita 8 kwa mita 10, ni mita mraba 80 za manjanja. Mvua moja nzito ya milimita 40 inamwaga juu ya nyumba hiyo litre 3 200. Hayo ni bidoni 160 za litre 20. Kama hakuna gutiere, bidoni zote hizo zinaanguka kwenye mguu wa ukuta, nusu mbele na nusu nyuma, tena nyuma ndipo kuna mlima unaoleta maji yake pia. Na Bukavu tunapata zaidi ya milimita 1 200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Septemba na Mei.

Sasa yale maji yakikwama nyuma ya ukuta, hayakai kimya. Maji yaliyosimama kwa urefu wa mita 1 yanasukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 500. Yakifika mita 2, si kilo 1 000 kama ungewaza: ni kilo 2 000. Urefu ukizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kubeba manjanja haukutengenezwa kusukumwa kwa upande hivyo. Ndiyo maana mara nyingi ukuta wa nyuma unaanguka usiku wa mvua, na unaangukia ndani, pale kitanda kilipo.

Kwa hiyo kazi si kufunga maji nje ya ukuta. Kazi ni kuyazuia yasifike, na yale yanayofika kuyapatia njia ya kutoka.

Mbele ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, ujue kwanza ni maji gani unayapiganisha. Kama ukuta unalowa hata mwezi wa Julai wakati vumbi imejaa mjini, hayo si maji ya mvua: tafuta bomba lililopasuka barabarani ao kwa jirani wa juu, tafuta fosi septiki inayovuja, ao chemchemi ya mlimani. Kama ukuta unalowa tu saa chache baada ya mvua, ni maji ya juu, ya manjanja na ya uwanja, na hayo ndiyo rahisi zaidi. Kama unakuwa na baridi na matone lakini hujui yanatoka wapi, kata kipande cha plastiki inayoangaza, ukibandike ukutani kwa skochi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya plastiki, ukuta ndio unaleta maji. Yakitokea mbele, upande wa chumba, ni jasho la watu na mvuke wa sufuria, na dawa yake ni kufungua dirisha, haihitaji fundi.

Tuje kwenye dirisha la chini lenyewe. Dirisha lililo chini ya usawa wa uwanja linahitaji kishimo mbele yake, ili mwanga na hewa vipite. Kishimo hicho kina ukuta mdogo wa nusu duara ao wa pembe tatu, wa mawe ao matofali, unaozuia udongo usilalie kioo. Katika nyumba za zamani kilijengwa vizuri, lakini miaka imepita. Majani yameanguka humo, watoto wametupa vifuko, matope yameteremka, na sasa chini ya kishimo kuna tope gumu lililopanda hadi kizingiti cha dirisha. Mvua ikinyesha, kishimo kinageuka beseni, na beseni likijaa linamwagika upande ulio rahisi, yaani ndani ya nyumba.

Matengenezo yanaanza kwa jembe. Tosha matope yote, hadi uone chini ya kizingiti, kisha endelea kuchimba karibu sentimita 40 zaidi. Mara nyingine hapo chini utakuta mdomo wa tiyo ya zamani iliyozibwa na mizizi, na kama inateremka bado kuelekea chini ya parseli, umeokoa pesa nyingi: izibue kwa fito na maji. Kama hakuna tiyo, lazima uiweke, ao uchimbe mfereji wa kutoka kwenye kishimo hadi mahali pa chini zaidi. Kishimo kisicho na mlango wa kutokea, hata ukijenga kwa beto ya daraja, ni beseni bado.

Halafu angalia kile kiukuta chenyewe. Kama kimeachana na nyumba na ufa umeingia kidole, udongo wa nyuma unapita hapo pamoja na maji. Usijaze ufa huo kwa simenti tu. Bomoa sehemu iliyoinama, tosha udongo wa nyuma yake kwa upana wa sentimita 30 hivi, jenga upya, na hiyo nafasi ya nyuma uijaze mawe madogo, si udongo ule ule. Graviye inayovunjwa na wamama kando ya barabara zetu inafaa kabisa, mradi ioshwe vumbi. Acha matundu madogo chini ya kiukuta ili maji ya nyuma yatoke na kuangukia kwenye graviye ya kishimo. Jaza chini ya kishimo graviye hadi ibaki sentimita 15 mbele ya kufikia kizingiti cha dirisha. Hizo sentimita 15 usizile. Ndizo zinakupa muda mvua ikizidi.

Ukingo wa juu wa kishimo nao uwe juu kuliko uwanja, sentimita 10 ao 15, kama mdomo wa kisima. Nimeona vishimo vilivyojengwa kwa pesa nyingi lakini mdomo wake uko sawa na uwanja uliosakafiwa, na uwanja wenyewe unateremka kuelekea dirishani. Hapo fundi amechimba mtego. Mwisho ni kifuniko: nondo zilizochomelewa, ao kipande cha manjanja kilichoinama kwenda nje na kuacha nafasi ya hewa. Kama unaweka nondo ao grili kwenye dirisha la chumba wanacholala watu, iweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo. Moto ukitokea upande wa mlango, kile kidirisha ndicho njia pekee.

Kwa wengi wetu hakuna kishimo cha dirisha, kuna ukuta wa nyuma na mlima. Hapa jambo la kwanza ni kuachanisha vitu hivyo viwili. Udongo ulioegemea ukuta uondolewe, ibaki nafasi ya mtu kupita, walau sentimita 80, na chini ya nafasi hiyo upite kanivo unaozunguka nyumba kwa pande mbili na kutoa maji mbele. Sakafu ya pale nyuma iinamie kanivo, si ukuta: sentimita 5 kwa kila mita zinatosha. Kanivo yenyewe iteremke walau sentimita 1 kwa kila mita, na fundi apime kwa tiyo inayoangaza iliyojaa maji, asipime kwa jicho. Jicho mlimani linadanganya sana, kila kitu kinaonekana kinateremka.

Pale ambapo udongo hauwezi kuondolewa, kwa sababu juu yake kuna nyumba ya jirani ao njia ya watu, ndipo unafanya kazi kubwa zaidi: kuchimba mfereji kando ya ukuta, kusafisha ukuta kwa nje, kupiga simenti (kipimo 1 cha simenti kwa vipimo 3 vya mchanga), kupaka lami nyeusi ikishakauka, kisha kulaza chini tiyo yenye matundu ndani ya graviye, na kujaza graviye hadi karibu na juu. Graviye ifungwe kwa kitambaa ili udongo usiizibe. Kitambaa maalumu ni ghali. Wengi wanatumia mifuko ya mchele iliyofumwa, na ikiwa chini ya udongo bila jua inadumu. Juu kabisa weka sentimita 20 za udongo wa mfinyanzi uliopigwa vizuri, ili maji ya uwanja yasishuke moja kwa moja mule.

Kazi hiyo imeua watu. Usichimbe kando ya ukuta mzima mara moja. Chimba kipande cha mita 1 na nusu, maliza, jaza, ndipo uende kwenye kipande kingine. Usishuke chini ya musingi wa nyumba hata kidogo, maana musingi ukibaki hewani ukuta unashuka. Na mfereji ukizidi kifua cha mtu, mtu asiingie bila mbao za kushikilia pande zote, hata kama udongo wetu mwekundu unaonekana mgumu kama jiwe. Udongo huu unatoka kwenye mawe ya kale ya volkano yaliyooza. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba na kuteleza. Ulikuwa jiwe asubuhi, jioni ni sabuni. Ndiyo maana kazi hii ni ya Juni, Julai na Agosti. Mwenye kuanza Oktoba anachimba kaburi.

Gutiere nitaisema kwa maneno machache kwa sababu kila mtu anaijua na wachache wanaiweka. Kati ya kazi zote hizi, ndiyo ya bei ndogo kuliko faida yake. Zile bidoni 160 za juu ya manjanja haziwezi kufika kwenye ukuta kama zimeshikwa juu. Sehemu yake ziende kwenye pipa ao sisterne, na katika kartie ambamo robine inakauka juma zima hiyo si hasara. Zinazobaki zishuke kwa tiyo hadi kwenye kanivo, si kumwagwa kwenye kona ya nyumba. Kona ya nyumba iliyochimbwa na maji ya gutiere ndiyo mwanzo wa nyufa nyingi ninazoziona.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo fundi halijibu: maji yaende wapi?

Kwenye mlima, chini yako kuna mtu. Ukitengeneza kanivo nzuri na kuimaliza kwenye mpaka wa parseli, umekusanya maji yaliyokuwa yametawanyika na kuyapiga kwa nguvu moja juu ya choo cha jirani. Mazungumzo yanayofuata tunayafahamu. “Papa Furaha, maji yako inanibomoleya ukuta.” “Mama Neema, si mimi, ni mvua ya Mungu.” Inaishia kwa shefu wa avenyi, mara nyingine mbele zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inagusa jambo hili: parseli ya chini inapaswa kupokea maji yanayoteremka yenyewe kwa asili, bila mkono wa mtu. Lakini wa juu hana ruhusa ya kuuongeza mzigo huo kwa kazi zake, na maji ya paa lake anapaswa ayaelekeze kwenye ardhi yake ao kwenye njia ya watu wote. Kwa hiyo Papa Furaha ana haki kidogo, na Mama Neema ana haki zaidi, kwa sababu tiyo haikuanguka kutoka mbinguni.

Njia inayofanya kazi ni kuongea mbele ya kuchimba. Majirani watatu ao wanne walio kwenye mstari mmoja wakichangia kanivo moja inayoteremka kwa ngazi ngazi hadi kwenye mfereji wa barabara, kila mmoja analipa kidogo kuliko angejilinda peke yake. Ngazi hizo ni za lazima. Maji yakiteremka mlima wima bila kuvunjwa nguvu yanachimba chini ya kanivo yenyewe, na baada ya misimu miwili simenti inabaki ikining’inia kama daraja. Pembeni panda vetiveri ao matete, mizizi ishike. Na salongo ya kartie isiishie kufagia barabara. Mfereji wa chini ukijaa chupa na vifuko, kanivo zote za juu zimefanya kazi bure.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaipenda kwa sababu haina ugomvi: kuchimba shimo refu kwenye parseli, kulijaza mawe, na kuelekeza humo maji yote yapotelee. Ndugu zetu wa Goma wanafanya hivyo na inawafaa, kwa sababu wao wanakaa juu ya mawe ya volkano ambayo bado ni mapya na yana matundu, maji yanazama mbio. Bukavu si hivyo. Mfinyanzi wetu unameza polepole, na kile unachomeza kinabaki ndani ya mlima na kuufanya mzito. Katika kartie kama Funu, ambako ardhi inateleza polepole tangu miaka mingi na nyumba zinapasuka kila msimu, kuingiza maji ndani ya udongo ni kuusaidia mlima kushuka. Shimo la namna hiyo liwe tu mahali pa tambarare, mbali na nyumba na mbali na ukingo uliokatwa. Kama huna mahali hapo, usilichimbe.

Tena kuna hali ambazo kanivo haziwezi kuzitengeneza. Ufa mrefu wenye umbo la upinde juu ya ukingo, nyuma ya nyumba. Mlango uliofunguka vizuri jana na leo unakwama. Muti ao nguzo ya umeme iliyoanza kuinama. Maji yenye matope yanayotoka mahali ambapo hayakuwa yakitoka. Ukiona mawili kati ya hayo katika juma moja la mvua, usiite fundi kwanza. Toa watu katika vyumba vya nyuma usiku huo huo, wape taarifa majirani wa chini na shefu wa avenyi, ndipo mengine yafuate. Na kuna maji makubwa kuliko hesabu zote tulizopiga hapa. Mwezi wa Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa mito ilipoteremsha mawe na matope. Hakuna gutiere inayozuia jambo kama hilo.

Kwa mwenye pesa kidogo msimu huu, mpangilio wangu ungekuwa hivi: kwanza jembe, kutosha matope kwenye kishimo cha dirisha na kuinamisha udongo uachane na ukuta, kazi ya siku mbili bila kununua kitu. Kisha gutiere upande wa nyuma peke yake. Kisha kanivo, hata ya udongo kwa mwaka wa kwanza, pamoja na makubaliano na jirani wa chini. Simenti ya ndani ije mwisho, wakati ukuta umekauka msimu mzima wa jua. Na mvua kubwa ya kwanza ya Septemba ikianza, usikae ndani ukisikiliza manjanja: vaa buti, chukua mwavuli na jembe, uzunguke nyumba pole pole. Kwa dakika kumi utaona wapi maji yanasimama na wapi yanaruka kanivo, na hapo hapo unaweza kurekebisha wakati udongo bado ni laini.